Madigadi ya Kushoto

Siku Kundi, muungano wa makampuni ya magari ya kigeni, liliponunua kiwanda cha magari cha Zagnoli, mkurugenzi mpya alipanda juu ya meza ya ukaguzi akawatangazia wafanyakazi kwamba hakuna kitakachobadilika. Aliyasema hayo kwa Kitaliano cha darasani, bila kumeza hata herufi moja. Wafanyakazi walipiga makofi kidogo, kwa adabu, kama wanavyopokewa wageni ambao hawakualikwa.

Nyuma kabisa, mlangoni pa karakana ya bodi, walisimama mafundi wanane wa nyundo. Hao ndio waliokuwa wakiyapa magari ya Zagnoli umbo lake. Walichukua bati tupu la alumini, wakaligonga juu ya mfuko wa mchanga, wakalilaza juu ya kalibu ya mbao, wakaligonga tena, mpaka likawa boneti, mlango, au madigadi ya kufunika gurudumu. Ermes Cavazzuti alikuwa mmoja wao. Kando yake alisimama Nerio Pelloni, aliyefanya naye kazi benchi moja kwa miaka thelathini na miwili.

"Umesikia?" Nerio alimnong'oneza. "Hakuna kitakachobadilika. Nenda kachukue koti lako mapema."

Ermes alicheka puani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliishi Spilamberto, juu ya duka la viatu lililofungwa siku nyingi, katika nyumba aliyokuwa akikaa na mama yake mpaka mama alipofariki. Hakuwahi kuoa. Kulikuwa na mwanamke mmoja wa Vignola zamani, akachoka kungoja. Watu wake, kama ungemuuliza na yeye akakubali kujibu, walikuwa wale saba waliosimama naye mlangoni. Aliwajua kwa mlio wa nyundo zao, hata akiwapa mgongo.

Kufikia vuli, bodi zilianza kuja zimekwisha tengenezwa, ndani ya makreti, kutoka kiwanda kingine cha Kundi ng'ambo ya milima. Zilikuwa za nyuzi nyeusi za kaboni, nyepesi sana. Mtu angeweza kubeba boneti kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kikombe cha kahawa. Costanza Zagnoli, binti wa mwanzilishi, yeye aliyeuza, alikuja kuwaaga mafundi mmoja mmoja. Alilia, na alilia kweli, kisha akahamia Lugano.

Barua zikaja. Saba zilikuwa za aina moja: asante kwa utumishi wako, tia sahihi hapa. Ya nane, ya Ermes, ilimtaka afike kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi aliitwa Brehme. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, na alimvutia Ermes kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Fundi Cavazzuti, unaikumbuka ile filamu fupi tuliyopiga karakanani?"

"Nakumbuka taa. Zilinichoma macho."

"Mikono yako imetazamwa na watu wengi mno, nchi nyingi. Wateja wanaokuja kuchukua magari yao wanauliza, yule mzee yuko wapi? Tungependa ubaki."

"Na wengine?"

Brehme alitazama dirishani kidogo. "Nafasi ni moja," alisema.

Ermes hakujibu siku ile. Yeye na Nerio walikuwa wamepatana waende ofisini pamoja siku ya Alhamisi, bega kwa bega, wakatae kila kitu, waone itakuwaje. Jumatano ikabandikwa orodha ukutani, majina na tarehe za sahihi. Jina la Nerio lilikuwa la kwanza, na tarehe ilikuwa ya Jumatatu. Ermes alisimama mbele ya karatasi ile kwa muda, akaisoma mara mbili, akarudi benchini. Nerio alikuwa akifunga vifaa vyake ndani ya kitambaa. Waliongea habari za mvua. Baada ya wiki mbili Nerio alihamia Senigallia, pwani, kwa binti yake, na tangu hapo hakupiga simu. Ermes naye hakupiga. Alitia sahihi yake kwenye barua ya nane.

Karakana ya zamani ikapakwa rangi nyeupe, ikawekewa taa za juu na ukuta wa kioo kutoka sakafuni hadi darini. Ikaitwa Jumba la Urithi. Ermes alipewa aproni mpya ya ngozi, iliyochakazwa makusudi ionekane ya kale. Yake mwenyewe, iliyochakaa kwa haki, waliona ina madoa mabaya. Kazi yake ilikuwa kutengeneza madigadi ya mbele ya kushoto ya gari la zamani la Zagnoli, lile la miaka ya sitini ambalo picha yake iko kwenye kila kalenda. Kushoto tu. Kalibu ya kulia ilikuwa imepelekwa makao makuu ya Kundi kupamba mapokezi.

Upande wa pili wa kioo walisimama wageni, ishirini au thelathini kwa mara moja, na mbele yao Giada, msichana wa Modena aliyekuwa akiwaongoza kwa kipaza sauti. Kioo kilikuwa kinene ili kelele za nyundo zisiwasumbue. Ermes aliona midomo ikifunguka na kufumba. Aliona watoto wakibandika pua. Alipomaliza mkunjo mgumu aliona viganja vikikutana, na hakusikia kitu.

Madigadi moja ilimchukua siku nne. Zamani, katika siku nne, angekuwa ameitwa mara hamsini: shika hapa, njoo uone hii, Ermes acha ubahili na sigara zako. Sasa ungeweza kupita mchana mzima bila yeye kufungua mdomo, hata jioni akimuagiza muuza mkate sauti inatoka na kutu. Jumapili alikwenda Carpi kula kwa dada yake, na dada yake aliacha televisheni ikiwaka.

Alijifariji kwa jambo moja. Kila Ijumaa mlinzi alikuja na kitoroli akaichukua madigadi iliyokamilika. Ermes aliamini zinawekwa ghalani. Magari yale ya sitini bado yapo, mia mbili na kitu duniani, na wenye nayo hugonga miti na kuta kama watu wengine. Siku moja mtu atahitaji madigadi ya kushoto, atafungua kreti, ataikuta. Mawazo hayo yalimtosha. Aliigonga kila moja kama inakwenda barabarani kesho yake.

Mwezi Machi alihitaji kipande kidogo cha bati kujaribia nyundo iliyotiwa mpini mpya, akazunguka nyuma kwenye kontena la vyuma chakavu. Akachungulia. Zilikuwa mle, moja juu ya nyingine. Kila moja ilikuwa imekatwa katikati kwa msumeno wa umeme, mkato ulionyooka, safi, kuanzia ukingo mpaka ukingo. Alihesabu mpaka kumi na moja, akaacha.

Alimkuta Giada kwenye ngazi za nje, anakula tufaha.

"Giada, zile madigadi zinakatwa?"

Giada alimtazama, akaacha kutafuna. "Hukuambiwa, Fundi?"

"Nakuuliza wewe."

"Ni mambo ya wanasheria. Wanaogopa mtu asije akaziuza kama vipuri halisi vya Zagnoli."

"Si ni halisi?"

"Mimi..." Aliliweka tufaha chini. "Nilidhani unajua. Naapa nilidhani unajua. Nisamehe, Fundi."

"Wewe hukukata," alisema Ermes, akarudi ndani, kwa kuwa kundi la saa nane lilikuwa limekwisha panga mstari.

Wiki ile alimaliza madigadi aliyokuwa nayo. Jumatatu alianza nyingine. Siku ya pili, mahali ambapo mstari unatakiwa kushuka kutoka kwenye taa kwenda mlangoni, mteremko mmoja mrefu usio na kituo, aligonga pigo moja la kupita kiasi. Alijua kabla nyundo haijatua. Kosa la namna hiyo alikuwa akilirudisha kwa dakika tano. Safari hii alilitazama, kisha akapiga jingine kando yake.

Akangoja. Giada alikuwa akisema yake kwenye kipaza sauti, anatabasamu. Wageni walipiga picha. Kufikia Ijumaa madigadi ilikuwa imevimba mbele kama shavu lenye jino bovu, na mgongo wake ulikwenda kombo kiasi kwamba Ermes aliona haya kuitazama. Viganja vikakutana upande wa pili. Mlinzi akaja na kitoroli, akaichukua.

Wiki iliyofuata alifanya mbaya zaidi. Na iliyofuata. Siku moja Brehme mwenyewe aliongoza wageni wakubwa kutoka makao makuu, akasimama nao mbele ya kioo kwa robo saa, akamwonyesha Ermes kidole gumba. Ermes aliinamisha kichwa. Jioni ile alikaa ndani ya gari lake dogo la Panda kwenye maegesho bila kuwasha, mpaka magari mengine yote yalipoondoka. Hakuwa na hasira. Hasira angejua la kuifanya. Alijiona kama mtu anayezungumza peke yake chumbani, na sasa amegundua kwamba hata akitukana ni sawasawa.

Mwezi Mei, siku ya Jumatano, lilikuja basi la wastaafu. Kofia nyeupe, viatu vya kupumzikia, mikoba ya tumboni. Ermes hakuinua macho. Alikuwa akiendelea kuharibu mteremko, kwa utaratibu, akasikia kitu.

Kilikuwa kidogo, tik, tik, tik. Katika miezi sita hakuna sauti iliyowahi kupenya kutoka upande ule. Aliinua kichwa. Mzee mmoja alikuwa amejitoa kwenye kundi na anagonga kioo kwa ufunguo. Giada alikuwa amemshika mkono kwa upole, anamrudisha, naye hataki. Alikuwa amenyoosha kiganja kimelala sawa, kisha anakipinda upande, anakionyesha, anakipinda tena. Uso ulikuwa mwekundu. Midomo ilikuwa ikirudia neno moja, na Ermes alilisoma bila shida.

Imepinda.

Alikuwa Nerio.

Ermes aliweka nyundo chini. Akashika ukingo wa kalibu kwa mikono miwili. Wageni walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga picha.

Mchana walikaa kwenye baa ya Mirella, ng'ambo ya barabara, meza ya nje. Nerio alikuwa amenenepa na kuungua jua. Alimwaga sukari kwenye kahawa yake, akakoroga muda mrefu.

"Umepata kiharusi?" aliuliza.

"Sina kiharusi."

"Macho?"

"Macho mazima."

"Basi niambie ile ni nini pale ndani. Maana nimekata tiketi kwa fedha yangu, bwana wewe. Nimewaambia wazee wenzangu wote ndani ya basi, mtamwona Cavazzuti, hakuna mkono kama ule kutoka hapa mpaka Torino. Halafu naona kitu kama sufuria lililokanyagwa na trekta."

"Nafanya makusudi."

Nerio aliacha kukoroga. "Tangu lini?"

"Wiki ya saba hii."

"Na hakuna aliyesema kitu?"

"Wewe."

Pikipiki ilipita, wakaingoja imalize. Ermes akamweleza habari za kontena, kwa maneno machache. Nerio alisikiliza akiwa amekunja uso, na mwishoni alisukuma kikombe mbali kana kwamba kahawa imeharibika.

"Wanakata kwa msumeno."

"Katikati."

"Angalau wangeziyeyusha." Alijifuta mdomo. Kisha, bila kumtazama, alisema, "Nilitia sahihi Jumatatu."

"Najua. Orodha ilikuwa na tarehe."

"Ulijua miezi yote hii? Na hukuniuliza?"

"Ungenijibu nini?"

Nerio alifikiri. "Kwamba niliogopa," alisema. "Kwamba Sabina alinipigia Jumapili akasema baba, chukua wanachokupa kabla hawajaghairi, nami sikulala. Ningekujibu hivyo. Halafu ningekutukana, maana ungekuwa unanitazama kama unavyonitazama sasa."

"Sikutazami namna yoyote."

"Ndiyo namna yenyewe hiyo."

Ermes alitabasamu kidogo. Aliuliza kuhusu Senigallia. Nerio alisema kule wanamwita Babu wa Miavuli, kwa kuwa mkwewe ana kipande cha ufuko na yeye hufungua miavuli asubuhi na kuifunga jioni, mia moja na ishirini. Alisema watu ni wazuri. Alisema mara mbili kwamba watu ni wazuri. Majira ya baridi, alisema, miavuli inapokuwa stoo, huenda kwenye gati kuangalia wengine wakivua samaki, nao hawamjui ni nani, na kwa nini wamjue.

Basi lilipiga honi. Nerio alisimama, akamshika Ermes shingo kwa nyuma kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Njoo siku moja," alisema. "Kuna kitanda."

"Nitakuja."

Walisema hivyo kwa namna watu wanavyosema, na basi likaondoka.

Asubuhi iliyofuata Ermes aliitoa ile madigadi iliyopinda kwenye kalibu, akaiegemeza ukutani, akakata bati jipya. Hakuwatazama wageni hata mara moja. Alifanya kazi kama ilivyokuwa kabla ya kioo: kugonga, kupitisha kiganja, kufumba macho, kugonga tena mahali ambapo kiganja kimekwaa. Haikutimia Ijumaa. Mlinzi alipokuja na kitoroli alimwambia arudi na ile ya ukutani. Iliyo kwenye kalibu ilichukua wiki nyingine mbili, akaigonga mpaka mgongo wake ukashuka kutoka kwenye taa hadi mlangoni bila kiganja kupata pa kusimama. Kisha akavua aproni na kwenda ofisini kwa Brehme.

"Nipe barua ile ya wenzangu," alisema. "Naitia sahihi leo. Lakini nataka kutoka na madigadi moja."

Brehme alimkalisha. Alimsihi kwa heshima. Alisema wangeweza kumpunguzia saa za kazi, wangeweza kuziwekea madigadi hizo sahihi yake na kuzitundika kwenye maduka ya magari kama mapambo.

"Mapambo," alisema Ermes.

"Ni njia ya kuziokoa."

"Bwana Brehme, wiki saba nimekutengenezea takataka, na ulinionyesha kidole gumba."

Mkurugenzi alikuwa mtu wa hesabu za injini, si wa mabati, na haya ilimpanda usoni taratibu. "Sikuona," alisema. "Nikuambie kweli, hata sasa nisingeona."

"Najua."

"Siwezi kukuruhusu utoke na sehemu nzima. Wanasheria watanila. Lazima iwe na alama isiyofutika."

"Nitaitoboa."

Aliitoboa mwenyewe, chini, kwenye ukingo unaojikunja kuingia upande wa gurudumu, tundu la upana wa sarafu. Aliliweka mahali ambapo lingedhuru kidogo kuliko pengine. Kisha akaifunga blanketi, akailaza kwenye kiti cha mbele cha Panda, akaifunga mkanda. Giada alimfuata mpaka getini, akamfungia mlango wa gari.

Jumamosi aliendesha mpaka Senigallia, bila kutoa taarifa, kwa kuwa angetoa taarifa angepata sababu ya kutokwenda. Alimkuta Nerio ufukweni, pekupeku, anafunga miavuli. Hawakukumbatiana. Waliketi kwenye ukuta mfupi unaotenga mchanga na barabara, madigadi magotini mwa Nerio, na Nerio akafumba macho. Kiganja chake kilianza kwenye duara la taa, kikapanda, kikashuka mteremko wote mpaka mwisho. Kikarudi. Watu walipita na taulo mabegani. Aliipitia mara tatu, ndani na nje, na vidole vikaangukia tundu.

"Na hiki?"

"Hicho ni kibali cha kutokea getini."

Nerio alifumbua macho. Yalikuwa yamelowa, naye hakujishughulisha kuyaficha. "Hapa pengine," alisema, akigusa karibu na taa. "Imepinda unywele mmoja."

"Hapana unywele hapo."

"Hapana," alikubali Nerio. "Nilitaka tu kukuona unakasirika."

Walikula samaki kwa Sabina, wajukuu wakipiga kelele, televisheni, mkwe akieleza bei ya leseni za ufuko. Madigadi ilitundikwa gereji, kati ya baiskeli na boya la mpira. Ermes hakulala kwenye kile kitanda. Alisema ana mambo ya kufanya nyumbani, na Nerio, aliyejua kwamba hana, alimsindikiza mpaka kwenye gari na hakumbishia.

Kiwandani waliweka skrini kubwa mahali pa kalibu, inaonyesha mikono ya Ermes ikigonga, saa nane kwa siku, bila kuchoka. Magari ya Zagnoli yanatoka mengi kuliko zamani, na watu wanaoyajua husema yanakwenda vizuri mno.

Novemba, mwenye gereji moja ya Vignola alimwita kwa asubuhi mbili za wiki, kunyoosha milango iliyogongwa kwenye maegesho ya maduka. Walimpa kona karibu na mlango wa nyuma. Siku ya kwanza ililetwa Fiat ya mwalimu, imebonyea ubavuni.

"Usijisumbue sana, Fundi," alisema mwenye gereji. "Tunapaka puti ya kuzibia juu, tunapiga rangi, kwisha."

"Dakika ishirini," alisema Ermes.

Zilikuwa arobaini. Hakuna aliyemtazama akifanya. Ilipofika saa sita aliosha mikono kwa sabuni ya mchanga, akavuka barabara kwenye mgahawa, akaketi meza ya mtu mmoja karibu na jiko. Msichana wa mgahawa alimletea supu ya tortellini, tambi zilizojazwa nyama, akamuuliza kama ni mgeni hapa.

"Sijalipata jina lako," alisema msichana.

Ermes alimtajia. Halikumwambia kitu. Alimwekea jibini, akaenda meza nyingine. Nje ukungu ulikuwa umefika mpaka kwenye vioo, na Ermes akaanza kula supu ikiwa bado ya moto.